Mwalimu Anayemjua Kila Mtoto: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Chepkoilel

Watoto hamsini wanaokaa darasa moja hawaanzi mahali pamoja. Mmoja anasoma hadithi nzima bila kukwama, mwingine bado anaunganisha silabi, na wa tatu analijua jibu lakini anaogopa kuinua mkono. Wote wana kitabu kimoja, kipindi kimoja na mwalimu mmoja. Mzazi akiambiwa kwamba siku hizi kila mtoto anafaa kufundishwa kulingana na mahitaji yake, huuliza swali la haki kabisa: mwalimu mmoja ataliweza vipi hilo? Makala haya yanalijibu hatua kwa hatua, kwa mwalimu na kwa mzazi, pamoja na mahali pa kwenda na gharama zake.

Chepkoilel iko kilomita tisa hivi kutoka mjini Eldoret, barabara ya kwenda Ziwa, na ni mahali panapojua kazi ya ualimu. Palianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wenye mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakageuzwa chuo cha walimu wa sayansi wa kiwango cha diploma. Mwaka 1990 pakawa bewa la Chuo Kikuu cha Moi, na Februari 2013 Rais Mwai Kibaki akapakabidhi hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Ndiyo maana katika shule za huku, mwalimu wa miaka mingi na mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha hukutana katika ofisi moja. Wote wawili wanaweza kufuata mwongozo huu.

Utambuzi wa kitaaluma ni nini?

Ni mwalimu kujua, kazi ikiwa inaendelea, anafanya nini, anakifanya kwa sababu gani, na kinamfaa mtoto yupi. Una pande tatu. Upande wa kwanza ni kumjua mtoto: anaweza nini leo, anakwama wapi, anatoka nyumba inayozungumza lugha gani. Wa pili ni kulijua somo lenyewe: hatua zake, na makosa ambayo watoto huyafanya wanapolijifunza. Wa tatu, unaosahauliwa zaidi, ni mwalimu kujijua mwenyewe: humwita nani mara kwa mara, humruka nani, na ujuzi wake unafikia wapi kabla hajahitaji msaada wa mtu mwingine.

Kumfundisha mtoto kulingana na mahitaji yake hakumtaki mwalimu aandike maandalio hamsini ya somo kila usiku. Mtoto anahitaji kazi inayoanzia pale alipo na kumsogeza hatua moja mbele. Mtaala wa umilisi, yaani mtaala unaopima anachoweza kukifanya mtoto badala ya anachokariri, ulianza kutumika nchini kote mwaka 2019 na unadai jambo hilo. Lakini mtaala uliandikwa Nairobi, na aliyeuandika hamwoni mtoto wa dawati la nyuma. Mwalimu anamwona. Asipomtambua, maagizo yote yaliyomo kitabuni hayamfikii mtoto huyo.

Kuna ushahidi kwamba jambo hili linasaidia?

Upo, na umetoka karibu na nyumbani. Katika miaka ya 1990, baadhi ya shule za msingi za Busia na Teso zilipewa vitabu rasmi vya kiada ili kuinua matokeo. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipopima, waligundua kwamba vitabu viliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Wengi waliobaki hawakupata faida ya kuonekana, kwa kuwa vitabu vilikuwa kwa Kiingereza na vigumu kuliko uwezo wao wa kusoma. Kitabu kilikuwepo mikononi, lakini hakikuanzia pale mtoto alipokuwa.

Jaribio jingine lilianza mwaka 2005 huko Bungoma na Butere-Mumias. Shule 121 ziliajiri mwalimu wa ziada na kuligawa darasa la kwanza kuwa madarasa mawili. Karibu nusu ya shule hizo ziliwagawa watoto kulingana na kiwango chao cha kuanzia, na nyingine ziliwagawa bila kufuata kiwango. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer waliporudi baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto wa shule zilizogawa kwa kiwango walikuwa wamesonga mbele zaidi, wale wa juu na wale wa chini pia. Maelezo yao ni mepesi kufuata: mwalimu aliyekuwa na watoto wa viwango vinavyokaribiana aliweza kufundisha pale walipokuwa. Huhitaji mwalimu wa ziada ili kulitumia funzo hilo, na hatua zifuatazo zinaonyesha namna.

Hatua ya kwanza: Jua kila mtoto yuko wapi

Andaa kadi moja ya kusomea. Iandike sehemu nne: silabi kumi, maneno kumi ya kawaida, aya fupi ya sentensi nne, na hadithi fupi ya nusu ukurasa. Mwite mtoto mmoja mmoja mezani au chini ya mti wakati wenzake wanaandika zoezi. Mwanzishe kwenye aya. Akiisoma vizuri, mpe hadithi na umuulize maswali mawili juu yake. Akikwama, mrudishe kwenye maneno, na akikwama hapo pia, mpe silabi. Andika sehemu ya juu kabisa aliyoiweza. Mashirika ya kiraia yanayopima usomaji wa watoto majumbani nchini Kenya hutumia ngazi za aina hii, na mtu asiye mwalimu hujifunza kuzitumia kwa muda mfupi.

Dakika tatu kwa mtoto zinatosha. Ukiwa na watoto hamsini, wapime kumi kwa siku, na ifikapo Ijumaa umemaliza. Kwa hisabati, fanya vivyo hivyo kwa maswali machache yanayopanda: kutambua nambari, kujumlisha, kutoa bila kukopa, kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kugawa.

Kisha chukua daftari la kawaida na umpe kila mtoto ukurasa wake. Andika unachokiona, usiandike hukumu. "Mvivu" haikusaidii kupanga somo la kesho. Andika hivi: "Jumanne. Anasoma maneno ya silabi mbili, anakwama kwenye mw na ng'. Akiulizwa mbele ya wenzake hunyamaza, akiulizwa pembeni anajibu." Mistari miwili kwa wiki kwa kila mtoto ni kazi inayowezekana. Daftari hilo lifungie kabatini, maana lina habari za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda habari hizo.

Hatua ya pili: Lisome kosa kabla ya kulikata

Kosa la mtoto ni habari. Tuseme umewapa watoto 42 toa 17. Mmoja ameandika 35, wa pili 26, wa tatu 59. Ukipiga kalamu nyekundu tu, wote watatu wamekosa, na kesho utawarudishia somo lile lile. Sasa angalia kwa makini.

Aliyeandika 35 ameona 2 na 7 kwenye safu ya mamoja, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kwenye makumi ametoa 1 kwenye 4, akapata 3. Mtoto huyu hajaelewa kukopa. Mpe mafungu manne ya vijiti vilivyofungwa kumi kumi, na vijiti viwili visivyofungwa. Mwambie atoe saba. Ataona viwili havitoshi, atafungua fungu moja, atakuwa na kumi na viwili, atatoa saba na kubaki na vitano. Mafungu yaliyobaki ni matatu. Akitoa moja yanabaki mawili. Jibu ni 25, na amelipata kwa mikono yake. Aliyeandika 26 anajua kukopa vizuri, ila amehesabu vibaya kidogo. Huyo mpe mazoezi ya kutoa ndani ya ishirini. Aliyeandika 59 amejumlisha, kwa hiyo mfundishe kuzungushia alama ya hesabu duara kabla ya kuanza.

Usipoweza kukisia kosa limetoka wapi, muulize mtoto kwa upole: "Hebu nieleze ulivyofanya." Ukaripiaji huharibu hatua hii, kwa sababu mtoto anayeogopa huficha anachofikiri au hunakili kwa jirani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumchapa na kumdhalilisha mtoto shuleni. Mwalimu anayetaka kujua watoto wake wako wapi ana sababu yake mwenyewe pia ya kuitii, maana viboko humfungia chanzo chake bora cha habari.

Hatua ya tatu: Jua mtoto anatoka lugha gani

Uasin Gishu ina watoto wa lugha nyingi. Katika Kikalenjin, kubadilisha p kuwa b, t kuwa d au k kuwa g hakubadilishi maana ya neno. Kwa hiyo mtoto aliyekulia katika lugha hiyo anaweza kuandika "kari" akikusudia gari, au "tawa" akikusudia dawa. Si uzembe wala upungufu wa akili. Sikio lake halijazoea kuzitenganisha sauti hizo. Mtoto aliyekulia katika Kikuyu naye anaweza kuandika "rara" kwa lala, kwa kuwa lugha yake haitenganishi l na r.

Mwalimu anayelijua hili huandaa zoezi la dakika tano. Andika ubaoni jozi za maneno: pata na bata, toa na doa, kamba na gamba. Waambie watoto waweke vidole kooni na watamke moja baada ya jingine. Kwenye b, d na g watahisi mtetemo kooni sauti inapoanza. Wachoree picha ya bata, wape kamba washike. Rudia kila siku kwa wiki mbili, na uwasifu wanapozitenganisha. Sera ya lugha inaruhusu lugha ya eneo itumike kufundishia katika gredi ya kwanza hadi ya tatu, kwa hiyo usione haya kumweleza mtoto mdogo jambo gumu kwa lugha anayoielewa. Kama huijui, mtafute mwenzako anayeijua.

Hatua ya nne: Tenga nusu saa ya makundi

Sasa una majina na viwango. Kila siku tenga nusu saa ambayo watoto watakaa kwa makundi matatu ya kusoma: wa silabi, wa maneno, na wa aya au hadithi. Kundi la hadithi lisome lenyewe na liandike maswali ya kuulizana. Kundi la maneno licheze kadi za kuunganisha silabi kuwa maneno. Wewe keti na kundi la silabi kwa muda mrefu zaidi, kisha pitia mengine. Shirika la Pratham la India, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, limeueneza utaratibu huu wa kuwapanga watoto kwa kile wanachokiweza badala ya umri au darasa, na umefika hadi Afrika Mashariki.

Zingatia tahadhari tatu. Ya kwanza, makundi yasiwe na majina ya kupandisha na kushusha. Yaite Sosiani, Nzoia na Kerio, mito ya huku kwetu, na ubadilishe majina kila muhula. Ya pili, mtoto asikae kundi moja mwaka mzima. Mpime tena baada ya wiki sita na umhamishe. Ya tatu, kundi la kusoma lisiwe ndilo kundi la hisabati. Wapo watoto wanaosoma kwa shida na kuhesabu kwa wepesi mkubwa. Kundi likigeuka kuwa lebo, linaua kusudi lake.

Saa zilizobaki za siku, darasa lifundishwe pamoja. Hapo pia unaweza kulinganisha kazi kidogo: swali la wazi kwa anayeelewa haraka, picha au kifaa kwa anayehitaji, na muda wa ziada kwa anayeandika polepole.

Hatua ya tano: Jichunguze mwenyewe

Hii ni hatua ya dakika arobaini na haina gharama. Mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja. Mpe karatasi yenye mchoro wa madawati na jina la kila mtoto mahali pake. Kila unapomwita mtoto, atie alama kwenye jina lake. Ukimsifu, atie alama ya pili. Ukimkaripia, ya tatu. Baada ya kipindi, utazameni mchoro huo pamoja.

Mara nyingi mchoro huo huonyesha alama zimejaa safu za mbele na katikati, na pembeni karibu na ukuta hakuna kitu. Pengine wavulana wameitwa mara mbili zaidi kwenye hisabati. Pengine yupo mtoto ambaye hajaitwa hata mara moja. Hilo si kosa la nia mbaya. Macho ya mwalimu huenda kwa anayeinua mkono, na anayeinua mkono ndiye anayejua. Ukishaona, unaweza kubadilisha: andika majina kwenye vijiti vya aiskrimu na uchomoe kimoja kila unapouliza, au badilisha watoto viti kila wiki mbili. Kisha mfanyie mwenzako vilevile.

Utaratibu wa tathmini ya walimu wa Tume ya Huduma ya Walimu (TSC), unaofahamika kwa kifupi kama TPAD na ulioanza mwaka 2016, unataka mwalimu aonwe akifundisha. Wengi huujaza kama karatasi tu. Ukiuambatanisha na mchoro huu wa madawati, unapata faida halisi kutokana na kazi ambayo ungeifanya hata hivyo.

Mwalimu wa mazoezi, kwako kuna nafasi kubwa hapa. Umekuja kwa muhula mmoja na una macho mapya. Mwombe mwalimu wa darasa akubali umchoree mchoro, naye akuchoree wewe. Mkufunzi atakapokuja kutoka chuoni, mwonyeshe daftari la watoto pamoja na andalio la somo, na umweleze kwa nini uliwapa watoto watatu kazi tofauti.

Hatua ya sita: Jua ujuzi wako unafikia wapi

Yapo mambo ambayo mwalimu wa darasa hawezi kuyatatua peke yake, na kulitambua hilo ni sehemu ya ujuzi wenyewe. Mtoto anayesogeza kitabu hadi puani, anayegeuza sikio moja akisemeshwa, anayejua mengi kwa mdomo lakini hasomi hata neno baada ya muhula mzima wa msaada, au anayezimia kidogo kidogo akiwa dawatini, anahitaji uchunguzi wa wataalamu.

Unaanzaje? Andika ulichokiona kwa tarehe, mara tatu au nne. Mwone mwalimu mkuu. Mwiteni mzazi na mumweleze bila kutaja ugonjwa wowote, kwa kuwa ninyi si madaktari. Kisha mtoto apelekwe kwenye kituo cha uchunguzi na rasilimali za elimu, kinachofahamika kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa na serikali mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni kupima usikivu, uoni, viungo na uwezo wa kujifunza, kisha kushauri mtoto asome vipi na wapi. Uasin Gishu ina kaunti ndogo sita: Ainabkoi, Kapseret, Kesses, Moiben, Soy na Turbo. Mwalimu mkuu anaijua ya shule yake, na ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo hiyo itakuelekeza kituo kilipo.

Uchunguzi wa EARC hauna malipo. Mzazi abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chake mwenyewe, ripoti za shule, madaftari mawili matatu ya mtoto, na barua ya shule. Gharama yake ni nauli. Kituo kikiona mtoto anahitaji daktari, atatumwa hospitali, na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret ina idara za macho na za masikio. Huko yapo malipo, kwa hiyo uliza mapema kama yanagharimiwa na bima ya afya ya serikali, SHA, au la.

Mtoto akirudi na ushauri, shule iandike mpango wa elimu ya mtu binafsi. Usiuogope, ni ukurasa mmoja wenye mambo matano: anachoweza mtoto sasa, lengo la muhula huu, njia itakayotumika, nani atasaidia shuleni na nyumbani, na tarehe ya kuuangalia tena. Lengo liwe la kupimika. "Aboreke katika kusoma" halipimiki. "Ifikapo mwisho wa muhula asome maneno kumi ya silabi mbili bila msaada" linapimika.

Mzazi anafanya nini?

Ripoti ya mtoto siku hizi haisemi amekuwa wa ngapi. Ina viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa mbali na matarajio. Katika madarasa ya juu viwango hivyo hugawanywa zaidi. Kukaribia maana yake mtoto ameanza kuweza na bado anahitaji msaada. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Nenda shuleni na maswali matatu.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu. Nimekuja kuuliza, mtoto wangu anaweza nini kwa sasa?"

"Karibu, Mama. Anasoma maneno vizuri. Aya bado inamchosha, anasahau mwanzo akifika mwisho."

"Na hatua inayofuata ni ipi?"

"Kusoma sentensi mbili na kunisimulia alichosoma."

"Basi mimi nimsaidie vipi nyumbani?"

"Kila jioni asome sentensi mbili kwa sauti, uzifunike, umuulize zilisema nini. Hata kama wewe huzisomi, msikilize tu."

Mwalimu aliye na daftari atajibu maswali hayo papo hapo. Asiye nalo atakuomba muda, na swali lako litamfanya aanze kulitafuta jibu. Wewe nawe una habari ambazo mwalimu hana. Mwambie kama mtoto hakulala vizuri kwa wiki, kama kumekuwa na msiba, kama anachunga ng'ombe kabla ya shule, au kama hukaa karibu sana na televisheni.

Wazazi wengi huuliza pia: arudie darasa? Sheria ya Elimu ya Msingi inakataza mtoto kurudishwa darasa. Kurudia mwaka mzima kwa njia ile ile kwa kawaida humwongezea aibu tu. Omba apimwe kwa kadi ya kusomea na apewe nusu saa ya kiwango chake. Na masomo ya ziada wakati wa likizo? Sheria hiyo hiyo inayakataza, kwa hiyo usilipe pesa hizo. Sentensi mbili za kila jioni hazikugharimu kitu.

Itanigharimu pesa ngapi?

Mwalimu anahitaji daftari moja, karatasi chache za manila za kukatia kadi, vijiti na uzi wa kufungia. Vyote vinapatikana mtaani kwa mamia machache ya shilingi, na vijiti hupatikana bure. Shule ya msingi ya umma hutengewa na serikali shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka, kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu aingize manila na kadi katika ununuzi wa vifaa vya kufundishia.

Anayetaka kusoma zaidi anazo njia. Mafunzo ya walimu kazini ya TSC, yaliyozinduliwa mwaka 2021, yalitangazwa kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, na vyuo vilivyoidhinishwa mwanzoni vilikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara na Taasisi ya Usimamizi wa Elimu ya Kenya, KEMI. Uliza ofisi ya TSC ya kaunti utaratibu wa sasa kabla hujalipa. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, tangu mwaka 1986 inafunza walimu kuhusu watoto wenye mahitaji maalum. Na hapa Chepkoilel kwenyewe, wahadhiri wa elimu wa Chuo Kikuu cha Eldoret wanaweza kualikwa na walimu wa shule kadhaa waliojipanga pamoja kwa mchana mmoja wa mafunzo.

Kwa nini tuanze mapema?

Kwa sababu kumbukumbu za mtoto sasa zinafuatana naye. Nafasi katika shule ya upili ya juu, iliyoanza Januari 2026, inategemea mtihani wa gredi ya tisa kwa asilimia 60, tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane kwa asilimia 20, na mtihani wa gredi ya sita kwa asilimia 20. Mtoto pia huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Mwalimu aliyemwandika mtoto kwa miaka mitatu anaweza kumwambia mzazi kwa uhakika mtoto wake hung'aa wapi. Asiyemwandika atakisia, na mtoto ndiye atakayeishi na matokeo ya kukisia huko.

Wiki hii, mwalimu, andaa kadi moja na uwapime watoto kumi wa kwanza. Anza na wale ambao ukifumba macho majina yao hayakujii haraka, kwa sababu hao ndio darasa lako limekuwa likiwapita. Nawe mzazi, chukua yale maswali matatu uyapeleke shuleni kabla ya muhula kuisha. Mtoto anayejulikana na watu wawili wanaozungumza juu yake, mmoja shuleni na mmoja nyumbani, ana nafasi ya kujifunza ambayo vitabu vingi peke yake havijaweza kuwapa watoto wetu.